Mtoto Mwenye Ulemavu wa Kuzaliwa: Tiba ya Mapema, Haki Zake na Msaada kwa Familia Inayomlea

Na Mwandishi Wetu

Familia inapompokea mtoto aliyezaliwa na ulemavu, maswali mawili hutangulia mengine yote: mtoto huyu atatibiwa wapi, na nani atamlea. Swali la kwanza lina majibu mengi zaidi leo kuliko ilivyokuwa miongo michache iliyopita. Swali la pili, katika kaya nyingi nchini, bado hujibiwa kwa kumtazama mama peke yake.

Makala haya yanaeleza aina za ulemavu wa kuzaliwa zinazoonekana mara kwa mara, muda unaofaa kuanza tiba, malezi ya nyumbani, sheria na taratibu zinazomlinda mtoto na familia yake, pamoja na hatua za kinga. Msingi wa maelezo yote ni mmoja: tiba huanza hospitalini, lakini matokeo yake hutegemea kama familia imepata taarifa mapema na kama mzigo wa malezi umegawanywa.

Ulemavu wa kuzaliwa ni nini

Ulemavu wa kuzaliwa ni ule unaotokana na hitilafu ya umbo au ya utendaji wa mwili iliyoanza mtoto akiwa tumboni. Baadhi huonekana siku ya kuzaliwa, kama vile mdomo wazi, mguu kifundo na mgongo wazi. Mwingine hujitokeza baadaye, kama vile uziwi, uoni hafifu au kuchelewa kukua kwa akili.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kila mwaka watoto wachanga wapatao 240,000 duniani hufariki dunia ndani ya siku 28 za mwanzo kutokana na hitilafu za kuzaliwa. Shirika hilo linaeleza pia kuwa watoto 9 kati ya 10 wanaozaliwa na hitilafu kubwa wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo suala hili haliwahusu watu wachache wenye bahati mbaya. Ni suala la afya ya umma.

Vyanzo ni vingi. Vipo vya kurithi, kama ualbino, ambao hutokea pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba vinasaba vyake hata kama wao wenyewe hawana ualbino. Vipo vinavyotokana na hitilafu ya kromosomu, kama sindromu ya Down, ambapo mtoto huwa na nakala ya ziada ya kromosomu ya 21. Vipo vinavyohusiana na upungufu wa lishe, maambukizi kama rubela na kaswende wakati wa ujauzito, unywaji wa pombe na baadhi ya dawa. Hata hivyo, kwa watoto wengi madaktari hawawezi kutaja sababu moja mahususi.

Jambo lisilokuwa na shaka ni kwamba ulemavu wa kuzaliwa hautokani na laana, uchawi, wala mkosi wa ukoo, na si adhabu kwa mama. Imani hizo zina madhara yanayoonekana: mtoto hufichwa ndani, hupelekwa kwa waganga wiki zile ambazo upasuaji ungemfaa zaidi, na mama hubaki akijitetea mbele ya wakwe badala ya kuwa njiani kuelekea hospitali.

Kwa nini siku za mwanzo ni muhimu

Kila aina ya ulemavu ina muda wake unaofaa kuanza tiba. Muda huo ukipita, tiba huwa ngumu zaidi, ya gharama zaidi, au haiwezekani tena kurejesha kilichopotea.

Mgongo wazi. Mtoto huzaliwa akiwa na uvimbe au kidonda mgongoni kwa sababu pingili za uti wa mgongo hazikufunga. Mtoto huyu anapaswa kufika kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu mapema, ikiwezekana afanyiwe upasuaji ndani ya siku 2 hadi 3 baada ya kuzaliwa, kabla wadudu wa maradhi hawajaingia kwenye uti wa mgongo na ubongo. Wakati wa safari kidonda hufunikwa kwa kitambaa safi cha hospitali kilicholowanishwa kwa maji ya chumvi ya tiba, na mtoto hulazwa kifudifudi au ubavu. Dawa za majani, majivu au mafuta havipaswi kugusa sehemu hiyo.

Kichwa kikubwa. Hali hii husababishwa na maji kujaa ndani ya ubongo. Huweza kumpata mtoto akiwa tumboni, huwapata wengi wenye mgongo wazi, na pia huweza kufuatia maambukizi ya ubongo katika miezi ya mwanzo ya maisha. Tafiti zilizofanyika katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, mashariki mwa Uganda, zilionesha kuwa sehemu kubwa ya watoto waliotibiwa hapo walipata tatizo hilo baada ya maambukizi. Ndiyo sababu homa ya mtoto mchanga haipaswi kusubiriwa ipoe yenyewe. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi huwa na wastani wa sentimita 35 anapozaliwa, na katika miezi 3 ya kwanza huongezeka takriban sentimita 2 kwa mwezi. Mzazi anayo haki ya kumwomba mhudumu wa kliniki apime kichwa na kuandika kipimo kwenye kadi. Kichwa kinachokua haraka kupita kiasi, utosi uliovimba na macho yanayoelekea chini muda wote ni dalili za kupewa rufaa siku hiyo hiyo.

Tiba ya kichwa kikubwa hufanywa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuweka mpira mwembamba unaopitisha maji kutoka kwenye ubongo hadi tumboni. Ya pili ni kufungua njia ya maji ndani ya ubongo kwa kutumia kamera ndogo, bila kuacha mpira mwilini. Njia ya pili iliendelezwa sana Mbale na daktari Benjamin Warf kuanzia mwaka 2001, na ina faida kubwa kwa familia zinazoishi mbali na hospitali, kwa sababu mpira unaweza kuziba au kupata maambukizi wakati wowote.

Mguu kifundo. Nyayo za mtoto huwa zimepinda kuelekea ndani. Tiba inayotumika duniani kote ni ile ya daktari Ignacio Ponseti: mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kidogo mshipa wa kisigino. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku tu hadi afikishe miaka 4 au 5. Tiba ikianza katika wiki za mwanzo, watoto walio wengi hutembea vizuri bila upasuaji mkubwa. Miguu mingi inayorudi kupinda ni ile ambayo viatu viliachwa kuvaliwa kwa sababu mtoto analia au miguu inaonekana imepona.

Mdomo wazi. Mdomo hushonwa mtoto akiwa na umri wa takriban miezi 3 na uzito wa kutosha, kwa kawaida karibu kilo 5. Kaakaa iliyo wazi hufungwa kati ya miezi 9 na 18, kabla mtoto hajazoea kutamka maneno kwa namna isiyo sahihi. Kabla ya upasuaji, hatari kubwa ni utapiamlo. Mtoto ambaye hawezi kunyonya akamuliwe maziwa ya mama na kunyweshwa kwa kikombe au kijiko, akiwa ameketishwa wima na si kulazwa.

Macho na masikio. Doa jeupe kwenye mboni ya mtoto mchanga linaweza kuwa mtoto wa jicho, na upasuaji wake unahitajika katika wiki na miezi ya mwanzo, kwa kuwa ubongo usiopokea picha mapema hushindwa kujifunza kuona. Mtoto asiyeshtuka kwa kelele kubwa, au asiyegeuka anapoitwa akiwa na miezi 6, apimwe usikivu. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikiwapandikizia watoto vifaa vya kusaidia kusikia. Kwa mtoto ambaye hatapata kifaa hicho, lugha ya alama ianze nyumbani mapema, ili asifike umri wa kuanza shule akiwa hana lugha yoyote.

Huduma za kibingwa kwa hali hizi hupatikana katika hospitali za kanda na za taifa, zikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza. Safari ya mzazi, hata hivyo, huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako rufaa huandikwa.

Malezi ya nyumbani

Upasuaji huchukua saa chache. Malezi huchukua miaka. Familia inapaswa kuondoka hospitalini ikiwa imeelekezwa kwa vitendo, na si kwa karatasi pekee.

Kwa mtoto aliyewekewa mpira wa kutoa maji kichwani, walezi wote wa nyumbani wazijue dalili za hatari: kutapika mfululizo, homa, usingizi usio wa kawaida, degedege, utosi kuvimba, na wekundu au uvimbe kwenye njia ya mpira. Bibi, shangazi au dada wa kazi anayebaki na mtoto naye afundishwe, kwa kuwa dalili hizo hazisubiri mama arudi sokoni au shambani.

Watoto wengi wenye mgongo wazi hawahisi haja ndogo. Mkojo ukibaki kwenye kibofu huharibu figo polepole, bila maumivu. Hivyo mzazi hufundishwa kutoa mkojo kwa mpira mwembamba safi kila baada ya saa 3 hadi 4, kazi ambayo mtoto mwenyewe huweza kujifunza anapokua. Watoto hao hupata pia haja kubwa ngumu, na hupunguziwa tatizo kwa maji ya kutosha, matunda, mboga za majani na ratiba ya kuketi chooni. Kwa kuwa miguu yao haihisi moto wala michubuko, wasiketishwe karibu na jiko la mkaa, maji ya kuoga yapimwe kwanza kwa mkono wa mlezi, na ngozi ikaguliwe kila jioni.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hali inayoweza kusababishwa na ubongo kukosa hewa kabla au wakati wa kuzaliwa, huhitaji mazoezi ya viungo ya kila siku. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo huwafundisha wazazi namna ya kumbeba, kumketisha na kumlisha mtoto asipaliwe. Kiti cha pembe chenye mikanda kinaweza kutengenezwa na fundi seremala wa mtaani kwa vipimo vya mtaalamu.

Mtoto mwenye ualbino alindwe dhidi ya jua tangu siku za mwanzo kwa nguo ndefu, kofia pana na mafuta maalumu ya kukinga ngozi, ambayo hutengenezwa pia hapa nchini, mjini Moshi. Aketishwe mbele darasani kwa sababu ya uoni hafifu. Usalama wake ni wajibu wa kaya, majirani na serikali ya mtaa kwa pamoja.

Mama asiachwe peke yake

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Katika malezi ya mtoto mwenye ulemavu, usemi huo ni maelezo ya hali halisi. Mtoto anayehitaji plasta mpya kila wiki, kutolewa mkojo mara sita kwa siku au mazoezi asubuhi na jioni hawezi kulelewa na mtu mmoja ambaye pia anapika, anateka maji, analima na anatafuta nauli ya kliniki. Mama anapoachwa peke yake, biashara ndogo hufa kwanza, kisha kliniki hurukwa, na hatimaye faida ya upasuaji hupotea.

Baadhi ya akina baba huondoka mtoto anapozaliwa na ulemavu. Sheria haitambui sababu hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa misingi ya ulemavu na inawawajibisha wazazi kumpa mtoto matunzo, yakiwemo chakula, makazi, mavazi, matibabu na elimu. Wazazi wakitengana, wajibu huo haukomi. Mzazi anayelea peke yake anaweza kufika kwa Afisa Ustawi wa Jamii ili mzazi mwenzake aitwe, na ikishindikana kuafikiana, mahakama inaweza kutoa amri ya matunzo. Afisa Ustawi wa Jamii naye anaruhusiwa kuomba amri hiyo kwa niaba ya mtoto.

Kwa wazazi walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya angalau siku 84 kwa mama, na angalau siku 3 kwa baba mtoto anapozaliwa. Inatoa pia angalau siku 4 za likizo yenye malipo pale mtoto wa mwajiriwa anapougua. Siku hizo ni chache kwa mtoto mwenye tiba ya miezi. Waajiri wanahimizwa kukubaliana na mzazi kuhusu ratiba ya kazi inayozingatia siku za kliniki, kwa kuwa sheria imeweka kiwango cha chini na haimzuii mwajiri kutoa zaidi.

Msaada ambao wazazi wengi huutaja kuwa wa thamani ni ule wa mzazi mwenzao aliyetangulia. Chama cha wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi nchini, ASBAHT, huwakutanisha wazazi, hutoa elimu ya malezi na huhamasisha jamii. Vipo pia vyama vya watu wenye ualbino, viziwi, wasioona na wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili, vingi vikiwa chini ya Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu Tanzania (SHIVYAWATA). Mama anayemwona mtoto wa mwenzake wa miaka 10 akienda shule kwa kiti mwendo hupata jibu ambalo daktari hawezi kulitoa kwa maneno.

Haki na milango ya huduma

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 23 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kuwapatia watoto wenye ulemavu na familia zao taarifa, huduma na msaada mapema, na inakataza mtoto kutenganishwa na wazazi wake kwa sababu ya ulemavu wake au wa wazazi. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inayoweka haki za afya, elimu, utengamao na ufikivu. Sheria hiyo inaunda kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, na inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kuwatambua na kuwasajili watu wenye ulemavu katika maeneo yao.

Kwa mwananchi, haki hizo hufikiwa kupitia hatua zifuatazo.

Kwanza, cheti cha kuzaliwa. Mtoto asajiliwe mapema. Kupitia mpango wa usajili wa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano unaosimamiwa na RITA, cheti hutolewa bila malipo katika vituo vya tiba vinavyotoa huduma ya uzazi na ofisi za watendaji wa kata. Bila cheti, hatua nyingine nyingi hukwama.

Pili, kutambuliwa katika kijiji au mtaa. Mzazi afike kwa mtendaji wa kijiji au mtaa ili mtoto aingizwe katika daftari la watu wenye ulemavu. Daftari hilo hutumika halmashauri inapopanga vifaa saidizi, na viongozi hulitazama pia familia inapohitaji barua ya utambulisho.

Tatu, gharama za matibabu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza huduma kwa watoto wa umri wa chini ya miaka mitano zitolewe bila malipo katika vituo vya umma. Pale ambapo huduma ya kibingwa ina gharama ambayo familia haiwezi kuibeba, mzazi aende ofisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo ndani ya hospitali, akiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa, na aombe kutathminiwa kwa ajili ya msamaha. Ofisi hiyo ifikiwe siku ya kwanza, na si siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Aidha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwatambua wasio na uwezo ili nao wawe ndani ya mfumo wa bima.

Nne, kipato cha kaya. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kupitia TASAF umekuwa ukizitambua kaya kupitia mikutano ya kijiji na mtaa. Familia zenye watoto wenye ulemavu zihudhurie mikutano hiyo na kujieleza. Vilevile, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Akina mama wanaolea watoto wenye ulemavu wanaweza kuunda kikundi na kuomba kupitia fungu la wanawake, kwa shughuli inayoweza kufanyika karibu na nyumbani.

Tano, ulinzi. Mtu yeyote anayefahamu mtoto aliyefungiwa, anayenyimwa chakula au matibabu, au aliye hatarini, atoe taarifa kwa serikali ya mtaa, Afisa Ustawi wa Jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu ya huduma kwa mtoto namba 116, ambayo haina malipo.

Elimu

Elimu ya awali, msingi na sekondari katika shule za umma hutolewa bila ada, na mtoto mwenye ulemavu hana sababu ya kisheria ya kubaki nyumbani. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26 uliweka msisitizo wa kumpokea kila mtoto katika shule iliyo karibu naye na kumwekea mazingira yanayomfaa. Zipo pia shule zenye uzoefu wa muda mrefu, kama Buguruni Viziwi na Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam.

Kabla ya uandikishaji, mzazi aonane na Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri ili mtoto apimwe na mahitaji yake yaandikwe. Baadhi ya mahitaji hayo ni madogo kuliko inavyodhaniwa: mteremko wa zege mlangoni, choo chenye nafasi ya kiti mwendo, sehemu ya faragha ya kubadilishia mtoto nepi au kutoa mkojo. Kamati ya shule inaweza kuyatekeleza kwa nguvu za wananchi. Kukosekana kwa choo kinachofaa kumewarudisha nyumbani watoto wenye uwezo kamili wa kusoma.

Kinga inayowezekana

Si kila ulemavu wa kuzaliwa unaweza kuzuiwa, lakini baadhi unaweza. Mfano ulio wazi ni mgongo wazi. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki vina manufaa kwa damu ya mama, lakini kwa kinga ya mgongo wazi, mama anayeanza kliniki mwezi wa nne amekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo WHO inapendekeza mwanamke anayetarajia kushika mimba atumie mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku kuanzia kabla ya ujauzito hadi wiki ya 12. Mwanamke ambaye tayari amezaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kipimo kikubwa zaidi kitakachoandikwa na daktari. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1991 ulionesha kuwa kipimo hicho hupunguza kwa asilimia 72 uwezekano wa tatizo kujirudia. Mwanamke anayetumia dawa za kifafa azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba, wala asiache dawa kwa uamuzi wake.

Njia inayowafikia wengi zaidi ni chakula. Mwezi Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi kuongeza foliki asidi na virutubishi vingine kwenye vyakula ili kuzuia mgongo wazi. Tanzania imekuwa na kanuni za urutubishaji wa vyakula tangu mwaka 2011. Changamoto ni kwamba kaya nyingi hula unga wa mahindi unaosagwa kwenye mashine ndogo za mtaani, ambazo nyingi hazina kifaa cha kuchanganya virutubishi. Wananchi wanashauriwa, pale inapowezekana, kuchagua unga wenye nembo ya urutubishaji, na kula mboga za majani, maharage, mbaazi na maini.

Kinga nyingine ni kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12, kupima na kutibu kaswende, kupata chanjo ya surua na rubela utotoni, kuepuka pombe wakati wa ujauzito, kujifungulia kituoni na kutibu mapema homa ya mtoto mchanga.

Wajibu wa kila mmoja

Jirani hahitaji utaalamu ili kusaidia. Anaweza kubaki na watoto wengine siku ya kliniki, kuchangia nauli ya rufaa, kumkaribisha mtoto kwenye sherehe pamoja na wenzake, na kuacha kuuliza mama alifanya nini hadi akazaa mtoto wa namna hiyo. Viongozi wa dini na wa mila wanasikilizwa siku za mwanzo kuliko mtu mwingine yeyote. Neno lao la kwanza kwa familia liwe ni kuipeleka hospitali. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba waulize kuhusu watoto ambao hawaonekani uani.

Mzazi aliyempata mtoto mwenye ulemavu leo anashauriwa kuanza na mambo matatu: afike kituo cha afya bila kusubiri, asajili jina la mtoto kwa mtendaji, na ajitambulishe kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri yake. Huduma zote zilizoelezwa katika makala haya huanzia katika ofisi hizo tatu.